Hema kando ya daraja la kale

SWALI: Mhariri, tuko kwenye safari ndefu ya gari na tutalala usiku mmoja penye daraja la mawe la zamani. Baadhi yetu wanataka hema lipigwe chini ya tao ili tusinyeshewe. Wengine wanataka majanini, upande wa juu wa mto. Tumsikilize nani? Na je, tuvuke darajani na tela?

JIBU: Chini ya tao msilale kabisa. Mto ukijaa, maji hupita hapo kwa kasi kuliko kwingine kwa sababu nguzo zimeyabana. Juu ya vichwa vyenu nako, chokaa iliyoshika mawe huliwa na unyevu mwaka hadi mwaka, na vipande hudondoka. Wala msiwashe moto hapo: jiwe lililolowa likipata joto la ghafla hupasuka na kuambuka, na masizi yakishaingia ni kazi ngumu kuyatoa. Daraja lililodumu karne nyingi halistahili kuumizwa na chakula cha usiku mmoja.

Upande wa juu nao una hila yake. Magogo yanayoletwa na mafuriko hukwama kwenye nguzo, maji yakakosa njia na kupanda nyuma ya daraja, pale pale mnapotaka kulala. Upande wa chini, maji yanayotoka kwenye matao huchimba kingo. Magogo yakiachia, wimbi zima huja kwa mpigo. Kwa hiyo tazameni kimo kwanza, upande baadaye. Tafuteni mstari wa tope kwenye nguzo, kisha nyasi kavu na plastiki zilizonasa vichakani. Baadhi ya madaraja ya kale yamechongwa alama za mafuriko pamoja na mwaka wake. Hema likae juu ya alama ya juu kuliko zote, angalau meta 60 kutoka majini. Choo kiwe mbali na maji vivyo hivyo, shimo la sentimeta 15 hadi 20.

Anga kuwa nyeupe mlipo si kinga. Tarehe 7 Agosti 1996, huko Biescas, Hispania, mvua kubwa ya milimani ilishusha mafuriko kwenye kambi ya mahema, wakafa watu 87. Maji yakigeuka rangi ghafla, au yakianza kuleta vijiti na majani, acheni vitu na mpande juu kwa miguu. Msijaribu kuvuka: maji ya kasi yenye kina cha sentimeta 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima.

Kuhusu tela, someni kibao cha uzito, kisha jumlisheni gari, tela, watu, mizigo na maji. Tanki la lita 100 likijaa ni kilo 100 zaidi. Daraja likiwa na mgongo, mtu mmoja ashuke aangalie tumbo la tela lisikwaruze kileleni. Kukiwa na daraja jipya jirani, piteni huko. Iron Bridge ya Uingereza, iliyofunguliwa 1781, ilifungiwa magari 1934. Sasa hupitwa kwa miguu.

SWALI: Kwa nini hema langu huamka limelowa ndani ilhali mvua haikunyesha?

JIBU: Hewa baridi hutelemka usiku na kutuama bondeni, na mvuke wa pumzi zenu hugeuka matone kwenye kitambaa kilichopoa. Fungua matundu ya hewa pande zote mbili, hata kukiwa na baridi, na usianike nguo mbichi ndani. Ukihamia meta chache juu ya mteremko utaona nafuu.