Kila gharama iwe na mwenyewe: tulivyogawana mzigo wa chuo nyumbani kwetu

Mwaka wangu wa kwanza chuoni Dar es Salaam, siku tisa kabla ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula, nilisimama nje ya ofisi ya uhasibu na karatasi inayosema nadaiwa shilingi 400,000. Bila kulipa sipati namba ya mtihani. Nikampigia baba, Muheza, Tanga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Masomo?"

"Yanaenda. Baba, ile ada iliyobaki..."

"Ada? Si mlipewa mkopo huko?"

Tulikaa kimya mpaka nikadhani salio limekata. Baba alikuwa akiamini mkopo wa serikali unalipa kila kitu. Mimi nilikuwa naamini baba anaweka pembeni hela ya ada. Mama aliamini mjomba atatoa, kwa sababu siku matokeo ya kidato cha sita yalipotoka mjomba alisema mbele ya watu, "Huyu niachieni mimi." Mjomba mwenyewe hakuwa akiamini lolote, alishasahau.

Baba yangu ni mkulima wa machungwa. Mwezi wa pili, wakati chuo kinadai, machungwa yetu huwa bado mabichi, ukubwa wa ndimu. Akamwita dalali, wakatembea shambani, wakapatana bei juu ya matunda ambayo hayajaiva. Hela ikaja, nikafanya mtihani. Mwezi wa saba nikiwa likizo, fuso zilipakia shambani kwetu machungwa ambayo hayakuwa yetu tena. Baba alikaa barazani akizihesabu.

Kuna jambo moja sikumwambia mpaka nilipoanza kazi. Muhula ule ule nilikuwa nimepokea boom, ile hela ya mkopo ya kujikimu, mara mbili. Wakati wetu hela ya chakula na malazi ilikuwa 8,500 kwa siku, inaingia kwa mafungu ya siku sitini, yaani 510,000 kwa mkupuo. Ya pili niliinunulia simu. Sikuona kama nimeiba, kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa na mimi akaniambia ile hela ni ya nini.

Nimeandika haya kwa sababu mdogo wangu naye sasa yuko chuo, Dodoma, na safari hii mimi niko upande wa wanaotoa. Tumegawana tofauti kabisa.

Zamani tuligawana kwa maneno ya "tutasaidiana". Kila mtu alichangia kila kitu kidogokidogo. Kikipungua kitu, hakuna wa kuulizwa, maana kila mmoja ana uhakika sehemu yake alishatoa. Manahodha wengi, chombo kikaenda mrama. Safari hii tuligawana vitu. Ada ina mwenyewe, kodi ya chumba ina mwenyewe, chakula kina mwenyewe. Kikikwama kitu, inajulikana simu inapigwa kwa nani.

Kikao tulikifanya mwezi wa sita, juu ya mkeka, daftari la mama la kikoba, kikundi chao cha kuweka na kukopa, likiwa katikati. Mwezi wa sita si kwa bahati. Mitihani ya kidato cha sita huwa imekwisha, vyuo hufungua Oktoba au Novemba, na kwetu ndio msimu wa machungwa. Baba alikuwa na hela mkononi kwa mara ya kwanza katika mazungumzo ya ada. Ukisubiri kuongea siku mtoto anafunga begi, utaongea na mtu ambaye mfuko wake umeshalala.

Baba akachukua ada. Mkopo wa mdogo wangu, ulipokuja kutoka, haukufunika ada yote, ilibaki 650,000 kwa mwaka. Lakini baba hakuwa amengoja chuo kidai, alishatenga hela ilipotoka tu shambani, kwenye akaunti ambayo haina kadi. Mama akachukua kodi ya chumba, kwa kuwa kikoba chao huvunjwa Desemba. Miezi ya kabla ya hapo nikamshikia mimi, kwa maandishi, na Januari akanirudishia. Ndiyo, mama alinirudishia. Wapo watakaoona aibu kuandikiana na mama. Mimi naona aibu ilikuwa yale machungwa ya mwezi wa pili.

Mimi nikachukua dharura na field, yaani mafunzo kwa vitendo. Field watu huisahau kwenye hesabu. Mtoto anapangiwa mkoa mwingine, analipia chumba kipya huku kile cha chuoni bado kina kodi. Bodi ya Mikopo, inayotoa mikopo ya vyuo, ina fungu la field, lakini si kila mnufaika analipata lote, na asiye na mkopo hana kabisa. Iandikwe mapema jina la atakayeibeba. Bima ya afya ya mwanafunzi nayo, ile ya 50,400, ni hela ndogo ila ina tabia ya kudaiwa siku ile ile ya usajili.

Mjomba? Safari hii hatukumwomba amsaidie mtoto. Tulimwomba laptopu, iliyotumika, moja. Akanunua ndani ya wiki mbili na mpaka leo anaisimulia. Ndugu wengi si wachoyo. Neno "msaidie" halina mwisho, nao wanaliogopa. Ukimtajia kitu kimoja chenye bei, anajua atamaliza lini.

Mdogo wangu mwenyewe akabeba chakula, nauli, na karatasi zake, kwa boom. Siku hizi ni 10,000 kwa siku, kwa hiyo fungu la siku sitini ni 600,000. Ukiisikia ikitajwa kwa mkupuo ni mshahara, na wazazi wengi wanaisikia hivyo. Kaa nao uigawanye kwa siku. Elfu kumi, toa sahani mbili za chakula, toa nauli, toa kuchapisha kazi za darasani, toa bando, uone kinachobaki. Na boom huchelewa. Wanafunzi wana msemo wa kupiga pasi ndefu, yaani kuruka mchana ili chai ya asubuhi ikutane na ugali wa usiku. Kwa hiyo tulikubaliana kila fungu likiingia anazika 60,000, haziguswi mpaka tarehe ya fungu linalofuata ipite bila kitu.

Kuhusu watoto wanaotuma boom nyumbani nitasema ninachoamini, hata kama kuna watakaokasirika. Mwaka wa pili nilikuwa natuma 100,000 kila fungu kwa ajili ya sare na madaftari ya wadogo zangu. Sijutii. Lakini kuna tofauti kati ya mtoto anayetuma kwa kiasi kinachojulikana na mtoto anayepigiwa simu kila boom linapotoka, kwa sababu jirani ana mtoto chuo hicho hicho na habari imeshafika kijijini. Mzazi, ukiomba, taja kiasi na taja mwisho. Mwanafunzi, ukituma, sema umebakiwa na nini. Kujifanya unazo ni uongo pia.

Halafu kuna hili la nani hasa analipa. Baba kwa miaka alisema "serikali imemsomesha binti yangu". Simlaumu. Kaka yake baba alisoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, enzi ambazo serikali ilibeba karibu kila kitu, mpaka waranti ya kusafiria kwenda likizo. Uchangiaji gharama ulianza miaka ya tisini, na Bodi ya Mikopo ikaundwa kwa sheria ya mwaka 2004, lakini vichwani mwa wazee wengi ile waranti bado inafanya kazi. Siku moja nilimwonyesha karatasi yangu ya mshahara. Asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa kila mwezi kurudisha mkopo. Kwa mshahara wa 800,000 hiyo ni 120,000, kabla hujanunua hata sukari. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021, tukapumua, ila deni lenyewe liko pale pale. Baba aliikodolea macho ile karatasi, akauliza, "Kwa hiyo uliyesoma ni wewe na uliyelipa ni wewe?" Nikamwambia sehemu kubwa, ndiyo, nyingine ni machungwa yako.

Mtoto mwenye mkopo, basi, tayari anachangia, ila anachangia kwa hela ya kesho. Mwambieni hilo kabla hajasaini. Mdogo wangu alipolielewa, alikwenda mwenyewe kupakia machungwa kwa ujira miezi miwili ya kungoja chuo, akanunua godoro na jiko la gesi bila kumwomba mtu.

Jambo la mwisho ni dogo, ila limetupunguzia kelele kuliko yote. Hela ya ada haipiti mkononi mwa mwanafunzi. Mdogo wangu akipata kontroo namba, ile namba ya malipo ya chuo, anaituma kwenye kundi la familia, baba analipa mwenyewe kwa simu. Chuo chake kinakubali kulipa kwa awamu kwa namba hiyo hiyo, uliza chako. Mdogo wangu mwanzoni aliona tunamshuku. Nikamsimulia habari ya simu yangu ya mwaka wa kwanza. Hakubisha tena, ingawa sasa ananitania nayo kila tukikutana.

Sisemi mambo yamenyooka. Mwaka jana kodi ilipanda katikati ya mwaka, na kwenye daftari hakukuwa na mstari wa kodi kupanda. Mama akasema yeye alikubali bei ya zamani. Mimi nikasema hiyo si dharura. Tulibishana siku tatu, kisha tukaandika mstari mpya, nusu kwa nusu, kwa mwaka huo tu.

Baba hulipa usiku, baada ya Isha, akiwa amevaa miwani. Akimaliza ananipigia.

"Imeingia?"

"Imeingia baba. Ngoja nikutumie..."

Ameshakata. Muda wa maongezi una gharama, na hiyo nayo ina mwenyewe.