Uliza Mwalimu: Wanakariri maneno 20 kwa wiki, mtihani bado unawashinda

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha sayansi Gredi ya 8 huku Likoni, darasa lina watoto 58. Kila Jumatatu nawapa maneno 20 kutoka nyuma ya kitabu, wanayaandika na maana zake, Ijumaa nawapa testi na wengi wanapata 15 kwenda juu. Lakini mtihani wa kufunga muhula ukija ni kama hawajawahi kuyaona, mtoto anaulizwa aeleze jambo anaandika mstari mmoja basi. Na hapo hapo hedi hataki Kiswahili kisikike darasani, ati ndo Kiingereza kitapanda. Nifanyeje jamani, nimechoka na wao wamechoka. — Mwalimu wa Gredi ya 8, Likoni

JIBU: Marahaba mwalimu mwenzangu, na pole sana manake hio kazi naijua, nimeifanya miaka na hayo maneno 20 ya Jumatatu nimeyaandika ubaoni na mkono wangu huu. Kwanza yapunguze. 20 kwa wiki ni mengi mno, mtoto anayabeba mpaka Ijumaa halafu anayatua. Mpe 5 au 6, lakini uyachague kwa akili.

Kuyachagua ndo penye kazi. Kuna mtafiti wa Marekani, Isabel Beck, yeye na wenzake waliyagawa maneno mafungu matatu na mimi huo mgao umenisaidia kuliko semina nyingi. Fungu la kwanza ni maneno ya kila siku, mvua, samaki, kukimbia, hayo mtoto anakuja nayo kutoka nyumbani. Fungu la tatu ni maneno ya fani yenyewe, kama usanisinuru, hilo utalikuta kwenye sayansi peke yake na utalifundisha tu siku ya somo lake ikifika. Fungu la katikati ndo lenye shida: linganisha, athari, chanzo, thibitisha, mchakato, kigezo. Haya yako sayansi, yako Social Studies, yako hisabati, yako kwenye kila karatasi ya mtihani, na hakuna mwalimu anayeyafundisha. Wa sayansi anasema hio ni kazi ya mwalimu wa Kiingereza, wa Kiingereza anasema mimi nina insha na fasihi, mtoto anabaki hapo katikati.

Ndo maana anaandika mstari mmoja. Nilipokuwa nasahihisha nilikutana na swali lililotaka mtoto aeleze kwa nini nguo hukauka haraka siku ya upepo. Karatasi baada ya karatasi, jibu ni "kwa sababu kuna upepo". Hawa watoto wameishi maisha yao yote na kanga kwenye kamba, wanajua wakati wa kaskazi kanga inakauka hata hujamaliza kufua ya pili. Kilichowashinda ni neno "eleza". Walidhani ni sawa na "taja". Ukiambiwa utaje, neno moja latosha. Ukiambiwa ueleze, lazima useme kitu kinatokeaje, kwamba maji yanageuka mvuke, mvuke unajaa hewa iliyo karibu na nguo, upepo unaiondoa hio hewa yenye unyevu inakuja kavu, basi maji yanaendelea kutoka kwa haraka. Siku niliyoweka hayo maneno mawili ubaoni pamoja, taja huku na eleza huku, swali ni lile lile moja chini yake, nikawaambia wajibu mara mbili, nilisikia darasa zima linasema "aaaah". Nasikitika mpaka leo kwamba niliwasahihishia miaka kadhaa kabla ya kuwaonyesha kitu kama hicho.

Sasa hili la Kiswahili kupigwa marufuku, hapa nitasema wazi sikubaliani nalo hata kidogo. Mtihani wa sayansi ni wa Kiingereza, sawa, kuanzia Gredi ya 4 masomo ni kwa Kiingereza na mtoto lazima akijue, hatubishani. Lakini kumvisha mtoto disiki, kile kibao cha aibu cha shingoni, kwa sababu ametamka Kiswahili kunamfunga mdomo, na mtoto aliyefunga mdomo hajifunzi neno lolote la lugha yoyote.

Nikupe mfano. Siku moja niliingia darasa la huko huko upande wa kusini, mada ni kujaa na kupwa kwa maji ya bahari. Nikauliza kwa Kiingereza "tide" ni nini, kimya, watu wanatazama madawati. Nikauliza, haya, bamvua ni nini? Kijana mmoja wa dawati la nyuma, baba yake mvuvi, ambaye sikuwahi kumsikia akijibu swali, akasimama bila kuitwa. Akasema bamvua huja mwezi ukiandama na huja tena mwezi ukifika 14, 15, maji yanajaa sana halafu yanapwa sana mpaka miamba inatoka nje na watu wanashuka kutafuta pweza. Mwenzake akadakia, na maji mafu je, maji mafu ni mwezi nusu, hayajai sana hayapwi sana. Msichana mwingine akasema ndo maana siku zingine pale feri njia ya kushukia inakuwa mteremko mkali gari zinapata taabu kupanda. Dakika tano! Somo lote la kitabu wamelitoa wao wenyewe. Nikawaambia sasa mmefanya kile mtihani unachoita "compare", mmechukua vitu viwili mkasema vimefanana wapi na vimetofautiana wapi, haya tuandike kwa Kiingereza. Na waliandika, manake walikuwa na cha kuandika. Neno jipya lilipata mahali pa kukaa.

Kwa hivo mwambie hedi wako kwa heshima, dakika kumi za mwanzo watoto wazungumze kwa lugha wanayofikiria nayo, nusu saa iliyobaki ni Kiingereza. Akiona majibu yamerefuka kwenye madaftari ataelewa.

Kwa lile neno lenyewe, mimi hutumia ile chati ya viboksi 4 iliyotolewa na Dorothy Frayer na wenzake pale Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1969. Karatasi ya manila yatosha, au hata ukurasa wa daftari uliokunjwa mara mbili. Neno linakaa katikati, kiboksi cha kwanza maana yake kwa maneno ya mtoto mwenyewe, cha pili sifa zake, cha tatu mifano, cha nne vitu vinavyofanana nalo lakini sio. Hicho cha nne usikiruke, ndo chenye utamu. Nilipowapa uvukizaji, kwenye mifano wakaandika kanga kukauka, jasho kukauka, dimbwi la mvua kuisha. Kwenye cha nne mmoja akaandika chai inayochemka jikoni, mwenzake akamwambia hapana hio weka kwenye mifano si mvuke pia unatoka, wakashindana mpaka kengele ikalia. Kesho yake tukamalizia, kwamba uvukizaji ni wa juu ya maji tu na unatokea hata maji yakiwa baridi, kuchemka kunataka maji yafike joto lake na mapovu ya mvuke yanatoka mpaka ndani. Hakuna aliyesahau tena.

Halafu urudie. Neno la wiki hii lirudi wiki ijayo, lirudi baada ya mwezi, kwa swali la mdomo tu unapoingia darasani. Na kabla hawajaliandika walitamke, kila mmoja amwambie jirani yake sentensi moja. Na watoto 58 huwezi kuwasikia wote, lakini wao wawili wawili watasikizana.

SWALI: Assalaam aleikum mwalimu. Mwanangu yuko Gredi ya 7, mimi niliishia darasa la nane na Kiingereza changu ni cha kubabaisha. Jirani ananiambia nizungumze naye Kiingereza nyumbani hivo hivo nilivo ili asiachwe nyuma. Ni kweli? — Mama, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu. Hapana, usifanye hivo. Mpe Kiswahili chako kizima, chenye methali na hadithi na maswali, kuliko Kiingereza cha vipande. Kitu akikielewa kwa Kiswahili amekielewa, kilichobaki ni kujua kinaitwaje kwa Kiingereza. Wewe muulize tu "kwa nini" na "umejuaje" kila anapokuhadithia mambo, usikubali jibu la neno moja, hapo umeshamfundisha kueleza na kuthibitisha na hujashika chaki.

Na umwonyeshe maneno yana ukoo. Akijua kulingana atajua linganisha, atajua ulinganisho, na hata mlinganyo wa kwenye hisabati, pande mbili zilizo sawa. Usanisinuru lisimtishe, mwisho wake ni nuru, mwangaza ule ule. Mwanzo wake sanisi, kuunganisha vitu kitoke kitu kimoja. Mmea unatumia nuru kuunganisha maji na hewa ya kabonidayoksaidi upate chakula. Na lile neno la Kiingereza "photosynthesis" limejengwa vivo hivo, nuru na kuunganisha, kwa Kigiriki. Mkiwa mnachambua mchele jioni muulize hilo, utaona anavofurahi kukufundisha wewe.

SWALI: Mwalimu, nimepata kwenye intaneti orodha ya maneno ya kitaaluma, yako 570. Nataka niichapishe niwagawie Gredi ya 9 wajiandae na mtihani wao wa KJSEA. Waonaje? — Mwalimu wa Kiingereza, Changamwe

JIBU: Hio ni orodha ya Averil Coxhead wa New Zealand, ilitoka mwaka 2000, na 570 ni koo za maneno, kila ukoo una watoto wake, kwa hivo maneno yenyewe ni mengi zaidi ya hapo. Ni kazi nzuri sana ila aliitoa kwenye maandishi ya chuo kikuu. Mtoto wa miaka 14 ukimpa zote ataikunja aiweke chini ya begi. Wewe chukua kitabu chao cha sayansi na cha Social Studies, fungua sura wanazosoma wiki hii, pigia mstari maneno yaliyoko kwenye vitabu vyote viwili. Ukiyapata manne matano, nenda ukae na hao walimu wawili mkubaliane wiki hii sote tunatumia haya, kila mmoja kwenye somo lake. Orodha ya Coxhead iweke mezani kwako uwe unaangalia kama neno ulilochagua limo.