Maswali ya Wasomaji: Binti yangu na tuzo za sanaa

SWALI: Mhariri, binti yangu amehitimu chuo cha sanaa na amerejea nyumbani Lamu. Wenzake wanafanya maonyesho na kuwania tuzo, naye anaona muda wake umepita. Nimshauri nini?
Mama wa Langoni, Lamu

JIBU: Mama yetu, muda wake haujapita hata kidogo. Msanii Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kusomea ubunifu wa majukwaa ya tamthilia huko Wimbledon, London, alitunukiwa Tuzo ya Turner, tuzo ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017 akiwa na umri wa miaka 63, mwaka uleule ambao sharti la washindani kuwa chini ya miaka 50 liliondolewa. Lakini linalonigusa zaidi ni kwamba miaka ya 1980, kabla majumba makubwa hayajamtambua, yeye mwenyewe aliandaa maonyesho ya wasanii wenzake wanawake weusi jijini London. Na kanga, vazi letu la kila siku, imeingia katika kazi zake.

Kwa hiyo binti asingoje kualikwa. Awakusanye wenzake wa chuoni pamoja na mafundi wa nakshi wa mjini, kisha waombe nafasi katika Ngome ya Lamu. Kila kazi aipige picha nzuri na kuandika vipimo vyake, malighafi iliyotumika na mwaka. Kabla ya kujaza fomu ya tuzo yoyote, asome kwa makini iwapo kuna ada, na nani atakayemiliki kazi baada ya mashindano.