Mataulo magumu ya Dodoma: dobi anajibu

Nafua nguo za watu hapa Dodoma, na nikipata nafasi hujibu maswali. Safari hii simu imejaa mataulo. Sijui ni kiangazi au ni watu kuhamia nyumba mpya. Maswali yanayofanana nimeyaunganisha, na wale wa madoa ya mafuta mnisamehe, zamu yenu itafika.

Shikamoo mama. Nimehamia hapa kutoka Tanga na mataulo yangu yaleyale, yalikuwa laini kabisa. Miezi minne tu yamekuwa kama gunia. Nabadilisha sabuni kila wiki, wapi! (Mama Mapacha, Nkuhungu)

Marahaba mwanangu, na karibu Dodoma. Kabla hujanunua sabuni nyingine, chungulia ndani ya birika lako la chai. Ule ukoko mweupe ulioganda chini ndio huohuo unaokaa kwenye taulo. Maji ya bomba hapa mjini kwa miaka mingi yametoka kwenye visima virefu vya Mzakwe, na maji ya chini ya ardhi hupita kwenye miamba yakabeba chokaa. Sabuni ya mche ikikutana na chokaa haitoi povu la maana, inageuka utando, ule unaozunguka beseni kama pete. Wewe ukiona povu halipo unaongeza sabuni. Utando nao unaongezeka, na unakaukia ndani ya taulo.

Fanya jaribio. Chukua taulo ulilofua jana, safi, kavu, ulitose kwenye ndoo ya maji matupu na ulikoroge kwa mkono dakika mbili. Maji yakigeuka kama ya kuoshea mchele, au vipovu vikaelea juu, hiyo ni sabuni ya wiki zilizopita. Wateja wangu wengi hawaamini mpaka waione.

Dawa yake ni siki nyeupe ya dukani. Kikombe kimoja kwenye ndoo ya maji ya moto, moto wa kuvumilika mkono, bila sabuni. Loweka nusu saa, kamua, suuza. Taulo lililochakaa kwa utando litataka kurudiwa mara mbili. Baada ya hapo usilifue tena kwa mche, tumia sabuni ya unga, ambayo haigandi ovyo ikikutana na chokaa, na uipunguze. Ukitaka kuyalainisha maji yenyewe, weka kijiko cha chakula cha magadi ya kuchemshia maharage kwenye ndoo, koroga, acha kidogo, ndipo utie sabuni. Ila magadi na siki visikutane kwenye ndoo moja, vinauana na unabaki na maji tu.

Kusuuza ndiko watu wanakoharibu, nao husingizia bei ya maji. Hesabu ni hii. Tuseme taulo ulilokamua limebaki na lita moja ya maji ya sabuni. Ukilitosa kwenye dumu zima la lita 20 mara moja, inabaki sehemu moja kati ya 21 ya ile sabuni. Gawa dumu hilohilo mara mbili, lita kumi kumi, na ukamue katikati: inabaki sehemu moja kati ya 121. Maji hayajaongezeka hata kikombe. Kazi imefanywa na mikono iliyokamua.

Halafu kuna kung'uta. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hokkaido na wa kampuni ya Kao, kule Japani, walieleza kwamba pamba inayokauka kwenye kamba haimalizi maji yote. Yanabaki machache yaliyong'ang'ania nyuzi, na hayo ndiyo yanazishikanisha kama gundi. Kwa hiyo hata taulo lililosuuzwa vizuri litakakamaa likikauka bila kusogezwa. Shika pembe mbili za upande mfupi, simama mbali na ukuta, kung'uta mpaka lilie pah! Mara kumi kabla ya kuanika. Likibaki na ubaridi unaousikia ukiligusisha shavuni, rudia mara kumi tena. Usilisahau juani. Kwa jua letu la Septemba, taulo jepesi linakauka kabla maharage hayajaiva, na kila saa inayozidi hapo inalikaanga.

Dada, nanunua mataulo ya nyumba mpya Ilazo. Kila ninalolishika muuzaji anasema "hili ndilo laini". Kweli yote ni laini! Nichague kwa nini sasa?

Yote ni laini kwa sababu yametoka kiwandani yamepakwa dawa ya kulainisha. Unachokishika dukani ni ile dawa, na itaondoka baada ya kufua mara mbili tatu. Kwa hiyo mkono usiuamini sana. Amini mizani.

Taulo la kawaida la kuogea lina sentimita 70 kwa 140. Ukizidisha unapata mita moja ya mraba kasoro kidogo tu. Maana yake uzito wa taulo zima ni karibu sawa na ile namba iliyoandikwa GSM kwenye lebo, yaani gramu kwa kila mita ya mraba. Lebo inaweza kudanganya au isiwepo, lakini sokoni pembeni ya muuza mataulo hakosekani muuza mchele mwenye mizani. Omba kwa adabu. Chini ya gramu 400 ni jepesi: linakauka upesi, linabebeka safarini, lakini halikukumbatii. Kati ya 400 na 600 ndiyo ya nyumbani, na mimi nikiulizwa nasema 450 au 500. Yanayozidi 600 ni yale mazito ya kujifunika kama blanketi. Yanapendeza, ila ukifua kwa mikono utajuta siku ya kukamua, na yanashika sabuni kuliko mengine.

Baada ya mizani, likunje juu ya kidole. Taulo ni kitambaa chenye vitanzi vya uzi huku na huku, na vinavyonyonya maji ni vitanzi hivyo. Ukiona kitambaa cha chini kinatokeza katikati yao, kama ngozi ya kichwa cha mtu aliyeanza upara, vitanzi ni haba. Vuta kitanzi kimoja na uutazame uzi. Uliosokotwa sana, mgumu kidogo, utakwaruza lakini utakaa miaka. Uliosokotwa kidogo ni mwororo kama pamba ya dawa, ila huchomoka na kuacha manyoya mwilini. Yapo pia yaliyokatwa vitanzi upande mmoja yakawa kama mahameli. Upande ule ni wa kupapasa, kujikaushia tumia wa pili.

Kama hujui ni pamba au poliesta, nunua moja tu kwanza. Nyumbani chomoa uzi mmoja kwenye pindo uuwashe kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu linalopukutika. Poliesta inayeyuka, inajikunja na kuwa kishanga kigumu cheusi.

Maneno "pamba ya Misri" kwenye lebo yasikuongezee bei peke yake. Pamba yenyewe ni nzuri, ina nyuzi ndefu, lakini mwaka 2016 hata duka moja kubwa la Marekani liligundua kwamba mashuka liliyokuwa likiwauzia watu kwa jina hilo yalikuwa ya pamba nyingine. Duka kubwa likidanganywa, mimi na wewe je?

Na mtumba? Kuna wasiotaka taulo la mtu mwingine liwaguse mwili, siwalaumu. Lakini taulo la mtumba lina ukweli mmoja ambao jipya halina: dawa ya kiwandani imeshakwisha, unachoshika ndicho kitakachokuwa. Lielekeze kwenye mwanga. Likiwa limepungua katikati kuliko pembeni, liache hapohapo.

Mimi nimekulia Mpwapwa, napenda taulo linalokwaruza mgongo. Mke wangu anatia ile dawa ya kulainisha yenye harufu ya maua, taulo linateleza tu mwilini, sikauki. Ananiambia mimi mshamba.

Kaka, kwenye hili niko upande wako, na shemeji asinichukie. Dawa ya kulainisha hufanya kazi kwa kuupaka uzi mafuta ya aina yake. Uzi uliopakwa hunyonya maji kwa shida. Dondosha matone mawili ya maji juu ya taulo lenu: yakikaa juu kama shanga kabla hayajazama, ndiyo hiyo. Yaloweke kwenye siki kama nilivyomweleza Mama Mapacha, halafu ile chupa ya maua ibaki kwa mashuka.

Lako chagua la gramu 350 hivi, lenye uzi uliosokotwa sana. Lifue, lisuuze vizuri, lianike juani mahali pasipo na upepo na usilikung'ute hata kidogo. Litakauka kama ubao, nawe utafurahi. La shemeji lianikwe kwenye upepo na likung'utwe. Kamba moja, ndoa salama.

Ila tofautisha ukwaruzaji wa uzi na ule wa utando wa sabuni. Wa uzi unakausha. Wa utando unaacha ngozi ikiwasha na unga mweupe kwenye taulo jeusi.

Nina nyumba ya wageni, vyumba kumi na viwili. Mataulo meupe yanageuka kijivu, mengine manjano. Natia jiki kila siku, yanazidi kuchakaa. Na Bunge la bajeti ndilo hilo.

Pole mama, najua Aprili mpaka Juni hamlali. Punguza jiki leo. Jiki inakula pamba. Utaona pindo zinaanza kutatuka na vitanzi kupukutika kabla taulo halijamaliza mwaka. Maji yakiwa na chuma ndani yake, jiki hukigeuza kutu palepale, na hayo manjano yako huenda ndiyo hayo. Kijivu ni utando uleule wa chokaa na sabuni uliokamata vumbi.

Fua meupe peke yake kwa maji ya moto wa nyuzi 60, na magadi kidogo. Usijaze mashine mpaka mlango, taulo linataka nafasi ya kugeuka. Mwisho wa mwezi yaloweke kwenye siki. Jiki iwe ya siku ya doa, na jambo moja nakuomba uwaambie wafanyakazi wako wote: siki na jiki visichanganywe kamwe. Vikikutana vinatoa hewa ya klorini, nayo inachoma mapafu ya mtu aliyeinamia beseni.

Kuhusu kutenga rangi nakuambia kwa uchungu. Niliwahi kupokea mataulo meupe ya wageni kama yako, msaidizi akatumbukiza humo taulo jipya jekundu la mteja mwingine. Mengine hayakurudi kuwa meupe hata nilipomaliza siki ya duka zima. Nililipa, na yale yaliyogeuka rangi ya waridi ninayo mpaka leo, tunafutia miguu. Taulo jipya lenye rangi, hasa jekundu na la bluu nzito, lifuliwe peke yake mpaka maji yatoke meupe.

Niko hosteli. Taulo langu likiguswa na maji tu linanuka uvundo, hata likitoka kufuliwa. (Mwanafunzi, Iyumbu)

Umelitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, limekunjwa mara tatu. Si kweli? Vijidudu vinavyotoa ile harufu vinaishi kwenye unyevu, na kufua kwa maji baridi hakuviondoi vyote. Loweka kwenye maji ya moto sana na siki, fua, lianike juani mpaka likauke kabisa. Baada ya hapo likae limetandazwa, liwe dirishani au kwenye ukingo wa kitanda. Hewa ya Dodoma ni kavu, kazi yote itafanywa na hewa, wewe ukilikunjua tu. Na ulifue kila baada ya kuogea mara tatu nne, usingoje kufunga chuo.

Mtoto wangu ana wiki tatu. Taulo lipi kwake?

Hongera sana. Kanga. Nasema kweli, kanga ya pamba iliyokwisha fuliwa mara nyingi, ile iliyopauka kidogo, inashinda mataulo mengi ya watoto. Mpya ina wanga wa kiwandani, ifue kwanza mara mbili tatu. Ukishikilia taulo, liwe la pamba, jepesi, lisuuzwe mara tatu, bila dawa ya kunukia. Na usimsugue, mbonyeze tu.

Je, nipige pasi mataulo?

Hapana. Pasi inalaza vitanzi, na tumetoka kuvitafuta kwenye mizani ya mchele.

Upepo wa Julai mpaka Septemba unajaza vumbi kwenye nguo zote. Nianike ndani?

Anika alfajiri. Kwa kawaida upepo huku hupanda jua likishapanda, kwa hiyo taulo lililotoka kamba kabla ya saa nne au tano asubuhi huwa limekwepa vumbi kubwa. Ukichelewa, anika kwenye kivuli cha nyumba upande usiopigwa na upepo, na rangi nayo haitapauka. Likishashika vumbi lisipanguswe kwa mkono mbichi, unaligeuza tope. Liache likauke, likung'ute, ndipo uamue kama linarudi majini.

Mvua zikianza, Desemba hivi, kinga maji ya bati. Manyunyu ya kwanza yaache yaoshe paa, yanayofuata yakinge kwenye pipa. Hayo hayana chokaa, na ukiyatumia kusuuzia mara ya mwisho utaliona taulo lako la Tanga likirudi. Mama Mapacha, pipa lako liweke tayari.