Nyumba ya makopo ya bia ya Houston ipo kweli, nimefika mara nne

Mkuu uliyeleta picha ya nyumba inayometameta ukauliza kama imechorwa na kompyuta au ipo kweli, na kama nawe unaweza kujenga ya hivyo Kigamboni ukakwepa gharama za tofali: ipo. Iko Houston, Texas, mtaa wa Malone, namba 222. Naishi mji huu tangu 2009, kazi yangu ni fundi viyoyozi. La gharama nitalijia, ila usichangamke mapema.

Mara ya kwanza niliisikia kabla ya kuiona. Nilikuwa nimetoka kwa mteja jirani na hapo, natafuta kivuli nile, upepo ukavuma. Nikasikia kama njuga za wacheza ngoma, nyingi mno. Kugeuka, kumbe ni kijumba cha chini kilichobanwa na maghorofa mapya, kimevaa makopo kuanzia ukutani hadi upenuni.

Mwenyewe aliitwa John Milkovisch, fundi wa kushonea viti katika shirika la reli la Southern Pacific. Hakuanza na makopo. Mwaka 1968 alianza na ua: alichoka kukata nyasi, akamwaga zege, na humo akapachika gololi, vijiwe na vipande vya chuma. Gololi ni maelfu. Nyasi zilipokwisha ndipo akaigeukia nyumba. Makopo alikuwa nayo tayari, maana kwa miaka alikuwa hatupi hata moja, kayajaza darini na gereji. Bia yenyewe alikunywa yeye, mkewe Mary akisaidia, na majirani nao hawakumwangusha. Kazi ilichukua kama miaka 18, naye alifariki 1988. Hesabu inayotajwa siku zote ni makopo zaidi ya 50,000.

Sasa hapa ndipo wengi wanapopotea. Nyumba ile haikujengwa kwa makopo. Ndani ni nyumba ya mbao ya kawaida kabisa, makopo ni nguo. Alikuwa anakata juu na chini ya kopo, analipasua ubavuni, analibanjua linakuwa kibati, kisha anaunga kibati kwa kibati na kuvisha ukuta. Vifuniko, vitako na vile vipete vya kufungulia akavitunga kama shanga, akavining'iniza upenuni. Ndizo njuga zangu zile. Kwa hiyo mkuu, tofali zako za Kigamboni ziko palepale. Ukizikwepa utabaki na kanzu isiyo na mtu ndani.

Kilichonikamata mimi kama fundi si urembo. Familia yake ilikuwa ikisema yale mashada yameshusha bili ya umeme, nami naamini. Joto la Houston mwezi wa nane ni la Dar kabisa, jasho halikauki. Jua likipiga ukuta moja kwa moja, ukuta unalinywa joto mchana kutwa, jioni unalitapikia ndani. Pazia la bati linalong'aa, lililoachana kidogo na ukuta, hurudisha sehemu ya jua kabla halijafika, na hewa inapita katikati. Nina wateja wanaongeza kiyoyozi cha pili badala ya kutafuta kivuli cha dirisha la magharibi. Siwakatazi, nina watoto wa kusomesha.

Nikajaribu kwangu. Mimi Mwislamu wa Tanga, bia sinywi, nikasema nitatumia makopo ya soda. Kwa unywaji wa familia yangu ningemaliza ukuta mmoja nikiwa na miaka 90, nikaanza kuomba kwa majirani. Ijumaa moja msikitini mzee mmoja akaniomba lifti, ana mzigo, nikafungua buti, mifuko mitatu ya makopo ya bia ikatutazama. Nilijieleza sana. Mzee alikuwa anaitikia tu, "Naam, naam."

Makosa yangu uyajue. Sikuyaosha vizuri, sisimizi wakahamia. Nilichanganya na makopo ya maharage, ambayo ni ya chuma, msimu mmoja tu yakaota kutu ikachuruzika ukutani. Misumari ya kawaida nayo ikishikana na alumini penye unyevu, alumini inalika pale pale penye tundu, na kwako penye chumvi ya bahari itakuwa mbaya zaidi. Tafuta misumari ya alumini. Na vaa glovu, nina alama tatu mkononi.

Kilichoniua lakini si kutu, ni barua. Jiji la Houston linajulikana kwa kutokuwa na sheria ya kupanga kila eneo ni la matumizi gani, ndiyo maana vituko kama hiki vimeweza kuota katikati ya makazi. Ila mitaa mingi mipya ina masharti yake kwenye hati, na uongozi wa mtaa wetu ukanipa siku 30. Nikang'oa. Nimebakiza pazia la dirisha la jikoni, nyuma, wasikopita.

Ya Milkovisch ilipona kwa kuwa taasisi ya Orange Show iliinunua, ikaikarabati, ikaifungua kwa wageni 2008. Orange Show nayo ni kioja kingine cha hapahapa: Jeff McKissack, mpeleka barua, alijenga kwa mikono yake kuanzia 1956 hadi 1979 kulisifu chungwa. Ndiyo, chungwa. Watu wa Muheza mngeelewana naye.

Ukiamua, anza na kivuli cha dirisha la upande wa jua la jioni, usianze na nyumba. Na Dar makopo yana bei, weka juu, usije ukaamka ukuta umeshapimwa kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Mama alipokuja kututembelea nilimpeleka Malone. Alizunguka kimya, akauliza, "Na mkewe alikuwa analala na kelele zote hizi?" Lakini shada langu moja aliondoka nalo. Akalitundika uani Tanga, juu ya jamvi la mihogo, makopo yalinde makopa. Kunguru waliogopa wiki mbili.