Betri mbili ndani ya mwaka mmoja, na friji ya gari bado inazima saa tisa usiku

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni dereva wa safari, niko Arusha. Nina Land Cruiser mkonga ambayo nimeigeuza kuwa gari la kulala: kitanda juu, jiko nyuma, tangi la maji, na friji ya lita 60 inayotumia umeme wa gari. Betri ya pili nimeifunga kwenye boneti, upande wa pili wa ile ya kuwashia, na kati yake kuna rilei, ile swichi ya umeme inayoziunganisha. Friji iko nyuma kabisa, nimeichomeka kwenye soketi ya laita. Tukilala Seronera, kule Serengeti, ikifika saa tisa usiku inazima na kuwasha taa nyekundu. Taa za ndani zinawaka vizuri tu. Nikipima betri kwa mita napata 12.2. Asubuhi nikiwasha injini, friji inaamka yenyewe. Nimeshabadilisha betri mara mbili mwaka huu, zote N70 mpya za dukani. Safari iliyopita nyama ya wageni iliharibika. Muuza betri ananiambia friji imekufa, muuza friji anasema betri ndogo. Nimsikilize nani? Halafu pampu ya maji nayo inashtuka usiku, trrr mara moja kisha kimya, na hakuna aliyefungua bomba.

JIBU: Ndugu dereva, kwa leo usimsikilize yeyote kati yao, na pesa yako iache mfukoni kwanza. Umeandika mwenyewe kwamba asubuhi ukiwasha injini friji inaamka. Friji iliyokufa haiamshwi na injini. Hiyo ni nzima, ila usiku umeme unaoifikia hautoshi. Tena ninavyosoma maelezo yako, umeme wenyewe upo kwenye betri, unapotea njiani.

Friji za namna hii, zenye kompresa ya umeme wa gari, zina kifaa ndani kinachopima volti zinazoifikia friji yenyewe. Zikishuka chini ya kiwango fulani, friji inajizima ili betri isikaushwe mkaachwa porini na gari lisilowaka. Nyingi zina viwango vitatu vya ulinzi huo: juu, kati na chini. Kile cha juu hukata mapema, zikiwa bado volti kumi na moja na ushee, na cha chini husubiri mpaka karibu na kumi. Hapo ndipo taa nyekundu inapowaka.

Sasa tuitazame hiyo 12.2. Betri ya risasi iliyojaa na kutulia, haichajiwi wala haitumiki, husoma 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Kufika nusu saa tisa usiku si ajabu hata kidogo: friji yako ikiwa inazunguka inakula kama ampea 5, na kwa joto la jioni, na bia za moto ambazo wageni wamezipanga humo saa kumi na mbili, itazunguka karibu nusu ya muda wote. Kwa saa tisa hizo ni kama ampea-saa 22 (ampea moja ikivutwa saa nzima ni ampea-saa moja). Ongeza taa, simu na kamera zinazochajiwa, unafika 30. Kwenye N70, ambayo ina kama ampea-saa 70, hiyo ni karibu nusu. Kwa hiyo hesabu ya betri inakubaliana na mita yako, hakuna mchawi hapo.

Lakini nusu ya betri ilitakiwa kuiendesha friji mpaka alfajiri. Kwa nini ikakata?

Nakisia waya. Soketi ya laita ya nyuma, kama magari mengi ninayoyafungua, imelishwa kwa waya wa milimita mraba 1.5, pengine hata mwembamba zaidi. Kutoka kwenye boneti, kupita chini ya zulia mpaka nyuma kabisa, ni kama mita 6. Umeme huenda na hurudi, basi hesabu mita 12. Shaba ya unene huo na urefu huo ina ukinzani wa kama omu 0.14. Zidisha kwa ampea 5: volti 0.7 zinaishia kwenye waya. Soketi yenyewe, ikiwa imelegea kidogo, inakula 0.2 nyingine. Betri ina 12.2, ikibeba mzigo inashuka kidogo hadi 12.1, friji inaona 11.2. Kama ulinzi wake umewekwa juu, inakata.

Halafu huu ndio utamu wake. Ikishakata, ampea 5 hazipiti tena, na pasipo mkondo waya haupotezi kitu. Wewe unaamka, unachukua mita na tochi, unapima, unakuta 12.2 safi. Hata ungepima kwenye soketi yenyewe ungekuta hiyohiyo 12.2, ukaapa kwamba waya ni mzima. Ni kama mpira wa maji uliokunjwa: ukiziba mdomo wake presha inajaa vizuri, ukiuachia ndipo unaona maji yanachuruzika. Mchana nako huoni kitu, kwa sababu altaneta, yaani jenereta ya injini, inatoa kama 14.2, na hata ukiiba 0.9 njiani, friji bado inapata 13.3 na kufurahi.

Kwa hiyo pima wakati friji inafanya kazi. Zima injini, shusha kipimo cha baridi mpaka mwisho ili kompresa izunguke, usikie mlio wake. Pima kwenye nguzo za betri, andika. Nenda nyuma, fungua soketi upime kwenye nyaya zake, huku friji ikiwa bado inazunguka, andika. Tofauti ikiwa 0.3 au pungufu, mimi nimekosea na tuanze upya. Ikizidi nusu volti, mwizi umempata.

Kujua yuko upande gani, tafuta kipande kirefu cha waya wowote ukirefushe mkono wa mita. Ncha moja kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye chanya ya soketi, friji ikizunguka. Namba utakayoiona ni hasara ya upande wa chanya peke yake. Rudia kwa hasi. Wengi wanashangaa wakikuta hasi ndiyo mbaya zaidi. Mafundi wetu, nami nilikuwa hivyohivyo miaka ya mwanzo, tunapenda kuikamatisha hasi kwenye bodi kwa skrubu, juu ya rangi, karibu na mahali maji yanapojikusanya. Miezi sita baadaye pale pana kutu, na umeme unarudi kwa kuomba ruhusa. Kwenye gari la kulala ni vibaya zaidi, maana sehemu ya nyuma mara nyingi ni boksi lililopigwa ribiti, halijashikana na chesisi vizuri.

Dawa yake: vuta nyaya mbili mpya, chanya na hasi, kutoka kwenye betri ya pili moja kwa moja hadi kwenye friji, zisichangie na kitu kingine. Unene uwe milimita mraba 6 kwa uchache. Kwa mita 6 zako hasara itashuka kutoka 0.7 hadi karibu 0.18. Ukipata 10 bora zaidi. Usinunue waya wa nyumba wa uzi mmoja mgumu, huo hauvumilii rasta, yale mawimbi ya barabara ya vumbi. Barabara ya Naabi kwenda Seronera itaukata ndani ya msimu mmoja, tena utakatika ndani ya plastiki usiuone. Chukua wa nyuzi nyingi laini. Na dukani kwangua ncha kwa kisu kabla hujalipa: ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, mwachie mwenyewe. Inapitisha umeme vibaya zaidi kuliko shaba ya unene uleule, na mahali ilipobanwa hulegea mapema.

Fyuzi iwe ya ampea 30, na ikae pale boneti, karibu na betri kadiri inavyowezekana, ndani ya kama shubiri moja. Najua umezoea kuona fyuzi karibu na kifaa. Fyuzi hii kazi yake ni kuulinda waya. Waya ukichubuka katikati ya gari ukagusa chesisi, fyuzi iliyoko nyuma karibu na friji haina habari, na wewe umelala juu ya moto. Niliwahi kuletewa gari ambalo friji ilikuwa imeunganishwa kwa waya wa spika, bila fyuzi kabisa, umepita chini ya godoro. Plastiki yake ilikuwa imeshalainika na kushikana na zulia. Wageni walikuwa wamelala juu yake usiku nne.

Terminali za kubana zibane kwa koleo lake. Usizigonge kwa nyundo juu ya jiwe, na usitegemee risasi ya kuchomelea peke yake, kwa sababu risasi inaugandisha waya na mtikisiko unaukata pale inapoishia. Soketi ya laita iondoe kwenye njia ya friji. Ile ilibuniwa kwa kuwashia sigara sekunde chache, na kila kishimo cha barabara kinaichomoa kidogo. Weka plagi ya Anderson, ile ya mkondo mkubwa, au soketi yoyote ya kufunga kwa skrubu.

Nikirudi kwenye betri, maana umeua mbili na si bure. N70 za dukani ni betri za kuwashia. Bati zake ni nyembamba na nyingi, zimetengenezwa kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache kisha zijazwe mara moja. Wewe unaishusha hadi nusu kila usiku, tena unaiweka kwenye boneti karibu na injini, na joto ndilo adui wa pili wa betri. Hapo mwaka mmoja ni bahati. Hizi ulizonazo zimalizie tu, lakini siku ya kununua tena, nunua ya kutumika polepole, ile wanayouza kwa ajili ya sola, ya ampea-saa 100, iliyofungwa isiyomwaga asidi. Ukiweza ihamishie nyuma karibu na friji. Waya wa friji utakuwa mfupi, ila waya wa kuchajia utakuwa mrefu na utabeba mkondo mkubwa, kwa hiyo utake milimita mraba 25, na fyuzi mbili, moja kila mwisho, kwa sababu kila mwisho una betri. Zile za wazi zenye maji ya asidi usiziweke mahali mnapolala. Zikichajiwa hutoa hidrojeni, gesi inayolipuka, na mshumaa mmoja unatosha.

Lithiamu? Wageni wako watakuambia habari zake. Ni nzuri kweli, nyepesi, na unaitumia karibu yote. Lakini usiitupie tu kwenye nafasi ya N70 ukaiacha rilei ileile. Inanyonya mkondo mwingi kiasi cha kuichemsha altaneta, inahitaji chaja yake kati ya betri mbili. Halafu somo la 12.2 ni nusu halifanyi kazi kwake, volti zake hukaa palepale karibu mpaka mwisho.

Kuhusu rilei uliyonayo, hukusema ni ya aina gani. Sikiliza: ukifungua tu swichi ya gari kabla ya kupiga stata, inalia tik? Basi imefungwa kwenye swichi, na wakati wa kuwasha betri zote mbili zinavuta pamoja. Afadhali ile inayosoma volti yenyewe, ambayo kwa kawaida huunganisha zikifika 13.3 na kuachia zikishuka 12.8. Ukishakuwa na uhakika kwamba betri ya kuwashia imetengwa kweli injini ikizimwa, shusha ulinzi wa friji kutoka juu uweke kati. Ule wa juu ni kwa mtu anayeendesha friji kwa betri moja tu.

Hata ukifanya yote haya, usiku wa pili kwenye kambi ileile bila kuwasha gari utakuwa wa wasiwasi. Friji kwa mchana na usiku, ikizunguka nusu ya muda, inakula kama ampea-saa 60, na nusu ya betri ya 100 ni 50. Paneli moja ya wati 100 juani kweli, isiyofunikwa na begi wala kivuli cha mgunga, inarudisha kama 25 hadi 30 kwa siku. Mzunguko wa asubuhi wa kutazama wanyama utajazia sehemu ya kilichobaki. Na ile friji ipoze nyumbani kwa umeme wa ukutani usiku wa kuamkia safari, uipakie vitu vilivyokwisha kuwa baridi. Iache ipumue pia: nimeona friji zimezungukwa na mablanketi mpaka kwenye matundu ya feni, mwenyewe anadhani anaikinga na joto.

Pampu haikutoi jasho. Hiyo inajiwasha yenyewe presha ikishuka kwenye mabomba, na ikishtuka mara moja tu baada ya muda mrefu ni tone dogo mahali fulani. Panguza maungio yote, zungushia karatasi ya chooni, asubuhi tazama iliyolowa. Baada ya rasta huwa ni klipu iliyolegea. Karatasi zote zikiwa kavu, kuna mchanga kwenye vali ya ndani ya pampu na maji yanarudi tangini, basi fungua pampu, safisha vali na chujio. Kwa usiku wa kwanza mpaka upate nafasi, zima swichi yake kabla ya kupanda kulala.