Jibu: nyanya za Uingereza zilienda wapi?
Ndugu, umeuliza kama Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya ndiko kulikomaliza nyanya madukani kwao Februari 2023. Si hivyo bwana, kubwa ilikuwa baridi kule Hispania na Moroko, na hao Moroko hata si wanachama wa Umoja huo, halafu gesi ya kupasha joto ilipanda bei, wenye grinhausi (nyumba za kioo za kukuzia mboga) wakachelewa kupanda miche, mpaka supamaketi zingine zikasema mteja pakiti tatu basi. Ila huko kujitoa kuliongeza makaratasi na gharama, hilo sikatai. Mimi nauza nyanya soko la Nakasero, Kampala; Uganda haijatoka Jumuiya yoyote lakini mvua ikipiga barabara ya shambani tu, sanduku linapanda bei asubuhi hiyohiyo, na ukifungua, za chini zote zimepondeka.